Ukurasa wa Nyumbani: Kichwa cha Treni Kisichovuta

Wahenga walinena kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Maneno hayo yalihusu vyombo vya baharini, lakini hayapungui ukweli yakitajwa juu ya chombo kidogo kitembeacho mezani, yaani treni ya umeme ya kuchezea. Wengi huiona ikizunguka wakadhani ni sanamu tu ya bati na plastiki. Kumbe ndani yake mna mota, sumaku, gia na njia ya umeme, na kila kimoja kina kazi yake na maradhi yake. Siku treni hiyo inaposhindwa kuvuta mabehewa, mwenye pupa huitupa, na mwenye subira huiuliza maswali.

Jambo hilo lilidhihirika katika nyumba moja mjini Jinja, nchini Uganda. Kijana wa miaka 11 aliletewa zawadi na shangazi yake akaaye Uingereza: kichwa kimoja cha treni, mabehewa sita na reli za kutosha kuzunguka meza ya chakula. Kwa majuma matatu kichwa kile kilivuta mabehewa yote sita bila taabu, hata kwenye kilima kidogo kilichotengenezwa kwa vitabu vya shule. Juma la nne hakikuweza kuvuta hata mawili. Baba yake alitazama mara moja akasema, "Umekwisha kukiharibu," kisha akaamuru sanduku lote liwekwe juu ya kabati. Mtoto aliinamisha kichwa asijibu neno.

Jioni ile babu yake, ambaye alitumikia karakana za reli mpaka akastaafu, alilishusha sanduku. Hakuuliza ni nani aliyeharibu. Aliuliza swali moja tu: "Kinaposhindwa, mjukuu wangu, magurudumu yanazunguka, au yamesimama?"

Swali hilo ndilo ufunguo wa kazi yote, na yafaa kila mzazi mwenye chombo cha namna hii alijue. Majibu yake ni matatu. Kama magurudumu yanazunguka papo hapo bila kusogea mbele, mota ni nzima, bali magurudumu hayashiki reli. Kama magurudumu yamesimama na mota nayo imesimama au inanguruma kwa shida, basi umeme haufiki vya kutosha, au mota imechoka, au kuna kitu kinachokaza. Na kama mota inasikika ikizunguka kwa kasi lakini magurudumu hayageuki, gia imepasuka au imelegea kwenye ekseli yake. Anayejua jibu kabla ya kushika bisibisi amekwisha kumaliza nusu ya kazi. Asiyejua atafungua kila parafujo, na aghalabu atakosa pa kuirudisha.

Kichwa cha yule kijana kilikuwa cha aina ya kwanza: magurudumu yalizunguka kwa nguvu, na treni haikwenda. Ili kuufahamu ugonjwa huo, hapana budi kwanza kufahamu nguvu ya kuvuta hutoka wapi. Mota hugeuza magurudumu tu. Kinachoisukuma treni mbele ni mshiko wa gurudumu juu ya reli, na mshiko huo hutegemea mambo mawili: uzito unaokalia magurudumu ya kuvuta, na hali ya nyuso mbili zinazogusana. Gurudumu safi la chuma likiwa juu ya reli safi, nguvu ya kuvuta aghalabu huwa kati ya sehemu ya sita na sehemu ya nne ya uzito huo. Na ichukuliwe sehemu ya tano kuwa mfano. Kichwa chenye gramu 360, ambacho magurudumu yake yote huendeshwa na mota, kitavuta kwa nguvu ipatayo gramu 72. Hapo mota hata ikiwa na nguvu mara kumi haitaongeza kitu, kwa maana magurudumu yatateleza tu.

Sasa na utazamwe mzigo. Mabehewa sita ya gramu 150 kila moja yana uzito wa gramu 900. Kwenye reli iliyo sawa, na magurudumu yakiwa mepesi kuzunguka, gramu 18 hivi za nguvu zatosha kuyavuta. Kwenye kilima kinachopanda sentimita 1 kwa kila sentimita 50, zaongezeka gramu 18 za kuyapandisha mabehewa na gramu 7 za kukipandisha kichwa chenyewe, jumla gramu 43. Lakini mtoto akiongeza vitabu, kilima kikawa sentimita 1 kwa kila 25, jumla yafika gramu 68, na hapo kichwa kimekaribia mwisho wa uwezo wake. Kona kali nayo hukamua nguvu, maana kingo za magurudumu husugua ubavu wa reli. Kwa hiyo kabla ya kukilaumu kichwa, ni haki kukilaumu kilima. Vitabu viwili vikiondolewa, mara nyingi mgonjwa hupona bila dawa.

Kanuni hiyo haikubuniwa kwa ajili ya vitu vya kuchezea. Wazee waliosafiri katika reli ya Mombasa na Nairobi wanavikumbuka vichwa vikubwa vya mvuke vya aina ya Garratt, daraja la 59, vilivyoundwa na kampuni ya Beyer Peacock ya Manchester katika miaka ya 1955 na 1956. Vilikuwa 34, na kila kimoja kilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Kimoja kati yao, Mount Gelai, kimehifadhiwa katika makumbusho ya reli mjini Nairobi. Nguvu zao zilishika reli kwa ekseli 8 za kuvuta, na matangi ya maji na mafuta yaliwekwa juu ya magurudumu hayo ili uzito wake usipotee bure. Maji yalipopungua njiani, na mshiko ulipungua. Reli ilipolowa, dereva alimwaga mchanga mbele ya magurudumu. Katika treni ya mezani, mchanga ni marufuku kabisa, kwani utaingia katika gia na kuzila. Lakini sababu ya kuteleza ni ile ile.

Babu alikipindua kichwa juu ya kitambaa laini, akapitisha ncha ya kidole katika gurudumu moja, kisha akakitazama kidole kwenye taa. Kilikuwa kinang'aa. Akakinusa. "Haya ni mafuta ya cherehani," alisema kwa upole. "Yamefikaje huku?"

Hapo ndipo mtoto alipolia. Alieleza kwamba alimwona mama yake akitia mafuta katika cherehani kila ilipokuwa nzito, nayo ikawa nyepesi. Alipoona treni yake imechoka kidogo, alichukua kile kichupa kwa siri akaimiminia mpaka ikalowa, ili ipate nguvu. Ilipozidi kudhoofika aliiongezea tena. Kwa muda wa juma zima alikuwa akiitibu kwa kile kilichokuwa kikiiua, na hakuthubutu kumwambia mtu.

Kosa hilo si la watoto peke yao. Watu wazima wengi huamini kwamba mafuta ni dawa ya kila mashine. Mafuta yanatakiwa mahali chuma kinapozunguka ndani ya chuma, nayo kwa tone moja dogo, linalotiwa kwa ncha ya sindano. Yakizidi hutiririka mpaka kwenye magurudumu, yakafika kwenye reli, na kila gurudumu likipita huyaeneza mzunguko mzima. Hushika vumbi yakawa tope jeusi linalozuia umeme. Na vichwa vingi huvishwa pete nyembamba za mpira katika gurudumu moja au mawili ili kuongeza mshiko. Mafuta huzivimbisha pete hizo, zikalegea na kuchomoka. Tena si kila mafuta yanafaa, kwa maana mengine huidhuru plastiki. Ni heri kutumia yale ambayo chupa yake imeandikwa kwamba hayadhuru plastiki.

Matibabu yake ni mepesi. Umeme huzimwa kwanza, na waya wa transfoma huchomolewa ukutani. Magurudumu husafishwa moja moja kwa kijiti cha pamba kilicholoweshwa spiriti kidogo, mpaka pamba itoke safi. Reli nazo hupanguswa kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, chenye spiriti kidogo, mzunguko wote. Kazi hii hufanywa mbali na moto, sigara na jiko, na dirisha likiwa wazi. Umeme haurudishwi mpaka spiriti yote ikauke. Msasa wa kukwaruza hautumiwi, kwani huacha mifereji inayoweka uchafu. Wala nyuzi za chuma za kusugulia sufuria zisikaribie meza hiyo, maana vipande vyake hurukia sumaku ya mota na kuiharibu. Pete za mpira zilizovimba au kupasuka hutolewa, na mpya za kipimo kile kile huvishwa. Magurudumu ya mabehewa yasisahauliwe, kwa sababu mara nyingi ndiyo yanayorudisha uchafu katika reli zilizokwisha kusafishwa.

Ikiwa kila kitu ni safi na bado magurudumu yanateleza, ndipo uzito hufikiriwa. Vipande vidogo vya chuma vyaweza kugandishwa ndani ya kichwa, juu ya magurudumu ya kuvuta, kwa usawa mbele na nyuma. Risasi ni nzito zaidi, lakini ina sumu, na isishikwe na mtoto. Mtu mzima aishikaye na anawe mikono kabla ya kula. Tena uzito una mpaka wake. Kanuni nzuri ni kwamba, kichwa kikizuiliwa kwa mkono, magurudumu yateleze kabla mota haijasimama. Kuteleza huko ndiko kunakoilinda mota. Kichwa kilichotiwa uzito kupita kiasi hakitelezi. Mota yake husimama ikiwa na umeme ndani, ikapata moto na kuungua.

Jambo jingine huwapata wenye vichwa vya zamani. Katika miaka ya 1960 kampuni ya Tri-ang ya Uingereza iliweka sumaku chini ya baadhi ya vichwa vyake, ili vivutwe na reli za chuma na kushika vizuri. Lakini reli nyingi za siku hizi zimetengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba, zinki na nikeli, ambao haushiki kutu upesi lakini pia hauvutwi na sumaku. Kichwa cha namna hiyo kikiwekwa juu ya reli za namna hii kitaonekana dhaifu, na hali si kigonjwa.

Sasa yafuata jibu la pili: magurudumu yamesimama. Hapa umeme ndio huchunguzwa kwanza. Treni nyingi za aina ya OO na HO, ambazo reli zake zina upana wa milimita 16.5, hutumia umeme wa moja kwa moja usiozidi volti 12, unaopita katika reli mbili. Kama treni ina nguvu karibu na mahali waya zinapounganishwa, na hudhoofika upande wa mbali, ugonjwa u katika viungo vya reli. Vibamba vinavyounganisha reli vimelegea au vimeingia uchafu. Hukazwa kidogo kwa koleo, au waya za pili hupelekwa upande ule wa mbali. Kama udhaifu ni ule ule kila mahali, hutazamwa vile vibamba vyembamba vya shaba vinavyogusa migongo ya magurudumu ili kupokea umeme. Vikipinda au vikichafuka, kichwa huwa kama mtu anayepumua kwa tundu moja la pua. Katika vichwa vipya vyenye kifaa cha kielektroniki cha kupokea amri, mpangilio wa kifaa hicho waweza pia kuwa sababu. Kitabu cha maelezo na kisomwe kabla ya kufungua.

Umeme ukiwa mzuri, mota yenyewe hufuata. Katika mota za kawaida mna vijiti viwili vifupi vya kaboni vinavyosukumwa na springi, navyo hugusa pingili ya shaba iliyokatwa vipande. Kaboni ikilika sana haigusi vizuri. Vumbi lake nalo hujaa katika mianya iliyo kati ya vile vipande vya shaba, na umeme ukapita mahali pasipotakiwa. Mianya hiyo husafishwa taratibu kwa kijiti cha meno, wala si kwa sindano. Mota nyingine hupata ugonjwa wa ajabu zaidi: sumaku yake hupungua nguvu kwa uzee. Dalili yake humdanganya mtazamaji, kwa kuwa kichwa bila mabehewa hukimbia kuliko zamani, lakini kikipewa mzigo hupata moto na kusimama. Mota za zamani zilizofunguliwa, kiini chao kikatolewa na sumaku ikaachwa bila chuma cha kuiziba, hupatwa na hali hiyo. Fundi mwenye mashine ya kutia sumaku nguvu upya aweza kuiponya.

Kisha mna vitu vinavyokaza. Kichwa kilicholala kabatini miaka mingi hukuta mafuta yake yameganda kama gundi. Huoshwa kwa spiriti na kutiwa tone jipya. Unywele mmoja au uzi wa zulia ukijizungusha katika ekseli, watosha kukisimamisha. Hutolewa kwa kibano. Katika vichwa vya sura ya mvuke, vyuma vinavyounganisha magurudumu vya upande mmoja hutofautiana na vya upande wa pili kwa robo ya mzunguko. Gurudumu moja likijizungusha katika ekseli yake, mpangilio huo huvunjika, na kichwa huchechemea mahali pale pale katika kila mzunguko. Anayesikia kishindo kama hicho bila kuwapo vyuma hivyo, na aitazame gia, maana gia ya plastiki hupasuka ikabana ekseli ya chuma. Ufa wake ni mwembamba kama unywele, na huonekana kwa kioo cha kukuzia. Gundi haidumu hapo. Gia mpya ndiyo dawa.

Hata mabehewa hayana budi kupimwa. Behewa moja huwekwa juu ya reli ya urefu wa mita 1, na ncha moja ya reli huinuliwa polepole. Likianza kuteremka lenyewe ncha ikiwa juu kwa sentimita 2 au 3, ni zuri. Likingoja mpaka sentimita 6, basi behewa hilo peke yake hula nguvu ya mawili au matatu. Katika mabehewa sita huenda wavivu wawili ndio wanaokiaibisha kichwa mbele ya watu.

Yako mambo mawili ambayo mzazi asiyapuuze hata akipuuza mengine yote. La kwanza ni transfoma. Zawadi nyingi hutoka kwa ndugu walio ng'ambo, na umeme wa majumbani nchini Marekani ni volti 120, ambapo wa Uganda ni 240. Transfoma ya huko ikichomekwa hapa itaungua, na yaweza kuwasha nyumba, isipokuwa imeandikwa waziwazi kwamba hupokea volti zote mbili. Na transfoma yoyote iliyopasuka au yenye waya uliochubuka haifunguliwi nyumbani. Hutolewa kabisa katika matumizi. La pili ni zile sumaku ndogo za kisasa zenye nguvu nyingi, ambazo baadhi ya mafundi huzitumia badala ya zile zilizozeeka. Mtoto mdogo akimeza mbili, huvutana ndani ya matumbo na kuyatoboa. Zikikosekana mezani na mtoto alikuwapo, mzazi asingoje dalili, bali ampeleke hospitali saa ile ile.

Katika nyumba ile ya Jinja, kazi ilichukua jioni mbili. Babu alisafisha kichwa, mtoto akasafisha reli na magurudumu 24 ya mabehewa, na pete mbili za mpira zikaagizwa kwa shangazi, nazo zikafika ndani ya barua. Siku ya kuijaribu treni, baba alikaribishwa mezani. Alimwona mwanawe akichomeka waya, akiongeza umeme polepole, akikitazama kichwa kikianza kupanda. Mabehewa matano yalipita. La sita lilipounganishwa, magurudumu yaliteleza mara moja, yakashika, na treni yote ikapanda mpaka juu.

Baba alinyamaza kitambo. Kisha alimwuliza mwanawe amweleze kwa nini mafuta yaliidhoofisha, na mtoto akamweleza tangu mwanzo, hatua kwa hatua, kama alivyofundishwa. Alipomaliza, baba alisema, "Nilikosea kukuhukumu kabla sijauliza." Neno hilo lilikuwa fupi, lakini katika nyumba ile halikuwa jepesi.

Chombo kilichoharibika humfunza mtoto mojawapo ya mambo mawili. Kikitupwa kwa hasira, atajifunza kuficha makosa yake. Kikifunguliwa kwa utulivu mbele yake, atajifunza kwamba kila kushindwa kuna sababu, na kwamba sababu hutafutwa kwa kutazama, kupima na kusema kweli. Kichupa cha mafuta ya cherehani kimerudi mahali pake kwa mama. Kando yake sasa mna sindano moja, na mtoto anajua kwamba tone linaloning'inia katika ncha yake ndilo kipimo.